Kamba Wajane wa Shialdanga

Chittagong
12 Mei 1997

Dada Nihar,

Nakushika miguu kwa heshima, ila kwa karatasi, maana mikono yangu haifiki Shialdanga. Sisi huku ni wazima. Minoti anakusalimu. Tumpa ameota meno ya mbele na anamng'ata kila anayemsogelea. Mama yake anasema tabia hiyo imetoka kwa shangazi yake, nami sikubisha, kwa kuwa alama za meno yako ninazo mkononi tangu utoto. Joto limewaua kuku wa wateja wangu wengi. Mteja akifiwa na kuku humlaumu aliyemuuzia chakula, kana kwamba mimi ndiye niliyewasha jua.

Sasa neno lililonishikisha kalamu. Sudhanya Bairagi alipita hapa juzi. Yule yule mwenye ghala la konokono sokoni kwetu, ambaye zamani ulikuwa ukimwita Makamasi. Siku hizi hana makamasi, ana saa ya dhahabu. Akaniambia kwa adabu kabisa kuwa umewafukuza watu wake ukingoni mwa bwawa la baba, na kwamba msimu huu hutaki konokono hata mmoja wa kuwalisha kamba wako aingie majini. Nikamuuliza kwa nini. Akacheka mpaka tambuu ikamtoka. Akasema unatangaza kijiji kizima kuwa jiko lako halijagusa nyama tangu ufiwe na mume, na kwa kuwa chakula cha kamba unakipika kwenye jiko hilo hilo, basi na kamba watakula mboga.

Dada, wewe ni mjane. Kula mboga zako, funga siku zako, hakuna anayekuzuia. Lakini kamba si mjane. Kamba ni mla mizoga. Kila mtu wa wilaya yetu ya Bagerhat aliyeezeka nyumba kwa bati aliiezeka kwa nyama ya konokono. Mimi kazi yangu ni chakula cha mifugo, kwa hiyo siropoki.

Sudhanya yuko tayari kulichukua bwawa, na shamba la mpunga lililo katikati yake, na nyumba ya ukingoni. Desturi yetu unaijua: ardhi ya baba humfuata mtoto wa kiume. Sijawahi kukukumbusha. Leo nakukumbusha, kwa nia njema tu.

Fikiri, kisha uniandikie.

Mdogo wako,
Jogesh


Shialdanga
9 Juni 1997

Jogesh,

Mungu akupe umri mrefu, na ndani ya umri huo akupe akili, hata kama itachelewa. Barua yako imefika ikiwa imelowa. Mimi ni mzima. Mgongo unauma, lakini huo haujawahi kuniomba ruhusa. Ng'ombe mwekundu amezaa dume, la kwako hilo, kwa kuwa kila dume la nyumba hii ni lako kwa desturi. Mwambie wifi yangu kwamba mtoto anayeng'ata ana njaa, asitafute ukoo wa kulaumu.

Nimeona nyuma ya bahasha umeandika anwani mpya: kwa mkono wa Bwana Sukumar Dhar. Huyo si baba mkwe wako? Ile nyumba ya kupanga mliyokuwa nayo karibu na reli imekwenda wapi?

Sasa kuhusu Makamasi. Ni kweli nimewafukuza watu wake. Walikuja na magunia yanayodondosha maji meusi. Unajua konokono hao wanatoka wapi siku hizi? Si kwenye kinamasi chetu. Kinamasi chetu amekimaliza zamani. Ukienda pale hutaona hata mayai yao kwenye majani, na bata wa majirani wanazunguka wakichokora tope tupu, wakirudi jioni wakiwa wepesi kuliko walivyotoka. Sasa anawaleta kwa lori kutoka wilaya za mbali, nusu yao wamekufa njiani, na wanawake wanawavunja pale ghalani mpaka kucha zao zinapasuka. Nyama ile ikitupwa majini, wanayoila kamba wanaila, isiyoliwa inaoza. Mwaka jana bwawa lilinuka mpaka nikashindwa kusali.

Kwa hiyo, naam, nimesema jiko langu haligusi nyama. Ni kweli haligusi. Tena ni jibu zuri, kwa sababu mwanamume akiambiwa habari za kinamasi anabisha, lakini akiambiwa habari za dini ya mjane anaondoka kwa miguu yake.

Kamba nawapikia pumba za mpunga, mashudu ya haradali, dengu zilizovunjika, na yale majani madogo yanayoelea kwenye shimo la nyuma. Nachemsha, nakanda madonge, nayashusha majini juu ya ungo wakati jua linazama. Asubuhi naupandisha ungo, nikikuta mabaki nayatoa. Mbegu za kamba nimezimwaga mwezi uliopita, vidudu vyembamba kama kope. Wanakula.

Ukitaka kuuza, desturi ni yako. Lakini subiri mavuno. Hata mchinjaji humwacha ng'ombe amalize kutafuna.

Dada yako,
Niharbala


Chittagong
2 Julai 1997

Dada,

Nakushika miguu. Huku mvua imeanza na mifuko ya chakula inaota ukungu dukani. Tumpa alikuwa na homa, imepoa. Minoti hana neno.

Barua yako nimemsomea mwenzangu wa dukani, mtu aliyesomea mifugo. Alicheka, akaiomba akamsomee na tajiri. Tajiri naye akacheka. Umewafurahisha watu wengi katika mji ambao hujawahi kuukanyaga. Hapa dukani sasa wana jina: kamba wajane. Wananiuliza kila asubuhi, "Vipi, kamba wajane wa Shialdanga wameshanyoa nywele? Wameshavaa nguo nyeupe za ujane?" Nami ninakaa nacheka nao, ningefanya nini? Nimezaliwa na mtu anayewakandia madonge wadudu wa majini kama anayewapokea wakwe.

Unanifundisha habari za kinamasi. Nani alikuuliza? Kinamasi si cha baba, na bata si wako. Konokono wakiisha, wataisha, kama walivyoisha mamba, na hakuna aliyelia kwa ajili ya mamba.

Tena nyani haoni kundule. Unatafuna tambuu kutwa, midomo imekuwa myekundu. Ile chokaa unayoipaka kwenye jani la tambuu inatoka wapi? Si inachomwa kwa maganda ya konokono wale wale? Watu wa Sudhanya wanavunja, nyama inakwenda kwa kamba, ganda linakwenda tanuruni, na tanuru linakwenda mdomoni mwako. Mjane asiyegusa nyama amekuwa akilamba konokono kwa miaka yote hii.

Nitakupa nafasi, nisije nikaambiwa ni katili. Kamba wako wakifikia urefu wa kiganja changu bila nyama ya konokono, nitamwambia Sudhanya atafute bwawa lingine. Naliandika hili nikicheka, lakini nimeliandika.

Jogesh

Alama yangu ya sikukuu mwaka huu usiisahau. Najua bado ni mapema. Nakumbusha tu.


Shialdanga
20 Agosti 1997

Mpendwa mdogo wangu Jogesh,

Natumaini barua hii inakukuta mzima wewe na wifi yangu na mtoto. Nimefurahi homa imepoa. Mpe maji ya mwarobaini aoge. Mimi sijambo. Mvua ni nyingi, mto umefika kwenye ngazi ya tatu ya gati lakini haujavuka. Mpunga unapendeza. Yule ndama amekuwa mkubwa.

Kuhusu chokaa umesema kweli. Nilikaa na jani mkononi nikalitazama. Sasa natafuna popoo kavu na jani tupu. Kinywa kimekuwa kichungu na watu wote wanaonizunguka wanajua sababu.

Kamba hawajambo.

Umri mrefu.

Dada yako,
Niharbala


Chittagong
14 Septemba 1997

Dada,

Nilipopata barua yako nikamwambia Minoti, "Dada ameniita mpendwa. Kuna aliyekufa." Sikukosea sana.

Sudhanya ameniandikia mwenyewe, kurasa tatu, na kwa mara ya kwanza nimemwonea haya mtu aliyekuwa akila makamasi. Ninayaandika aliyoyaandika ili usiseme nimezua.

Kwanza, kwamba siku ya kumi na moja ya mwezi, unapofunga kama mjane, jiko huliwashi. Hilo ni sawa. Lakini kwa kuwa chakula cha kamba kinapikwa jikoni humo, na wao umewafungisha. Dada, umewafungisha kamba. Mbele ya mwezi mpevu, wakati ambao hata mtoto wa Bagerhat anajua kuwa wanajivua gamba na kulala laini kama mkate uliolowa. Waliojivua wamelala, wasiojivua wana njaa. Ukadhani watafanya nini, wasali? Wamekulana. Sudhanya anasema asubuhi ulikutwa ukingoni ukikusanya miguu na magamba kwa kikapu, na hukumjibu mtu salamu. "Kamba hawajambo." Naam. Waliokula wenzao hawajambo kabisa.

Hilo ningelicheka. La pili silicheki. Sudhanya anasema sasa unakwenda sokoni kuokota vichwa na matumbo ya ng'onda, hao samaki wakavu, yanayotupwa na wachuuzi, unayatia kwenye kikapu, unayabeba kichwani mchana, watu wakiona. Binti wa ukoo wa Halder, tena mjane. Kwamba unayatwanga kwenye kinu cha mguu cha Mama. Kinu kile tulikuwa tunaoga kabla ya kukikanyaga, kwa sababu unga wake ulikwenda kwa miungu. Na kwamba unayakanda kwa mikono yako. Kuhani hapokei tena maji kutoka kwako. Wanawake wa kisimani wanaziba pua. Mama angekuwa hai, angekufa tena.

Wewe ndiye uliyeniambia jiko lako haligusi nyama. Ulimfukuza mtu na mali yake kwa jina la usafi, ukamalizia kwenye takataka za samaki. Mtu akikataa konokono mbichi akaishia kwenye uozo mkavu, huyo si mtawa, ni mkaidi tu.

Basi mambo yamekwisha. Nimempa Sudhanya neno langu. Nitakuja baada ya sikukuu, nitie sahihi. Habari za kiganja sahau, yalikuwa maneno ya mzaha na hao kamba waliobaki hawajazi kiganja cha mtu yeyote. Wewe hutatupwa. Sudhanya amekubali kukupa chumba nyuma ya ghala lake, na kazi nyepesi ya kuwasimamia wanawake wanaovunja konokono. Harufu umeshaizoea.

Jogesh


Shialdanga
3 Oktoba 1997

Jogesh,

Mungu akupe umri mrefu. Nasema hivyo kila barua kwa sababu ni wajibu, si kwa sababu umenifurahisha.

Mimi ni mzima. Ng'ombe mzima. Kijiji kizima ni kizima, kina pua nyingi sasa kuliko zamani.

Sudhanya hakudanganya. Nilitaka kukuandikia mwenyewe, nikaandika "Mpendwa mdogo wangu" na kalamu ikakataa kuendelea. Siku ile nilikwenda ukingoni na ungo mtupu kwa sababu nilikuwa nimefunga, na moyoni nilijiona mtu wa dini kweli kweli, nimefunga mimi na bwawa langu. Asubuhi makucha ya bluu yalikuwa yanaelea pembeni. Nililia, Jogesh. Sikulilia mali. Nilililia ujinga, kwa kuwa wale hawakuwa wamefiwa na mume yeyote. Mwenye kiapo ni mimi.

Uliandika mwezi wa tano kuwa kamba si mjane. Nilipoisoma nilitema mate. Siku ile ya makucha nikaikumbuka tena, nikaona kuwa hilo ndilo neno la kwanza la maana kutoka kwako tangu uote ndevu. Basi nikalifuata. Konokono sitaki, sababu nimeshakwambia. Lakini samaki wameshavuliwa, wameshakaushwa, wameshaliwa, na vichwa vyao vinatupwa mtaroni kwa mbwa. Nikaviokota. Nikavitwanga na pumba na mashudu, nikakaanga kidogo, nikakanda. Siku ya kumi na moja sasa nafunga mimi peke yangu; madonge nayakanda siku ya kumi, nayakausha juani, na siku ya kufunga nayashusha makavu, jiko likiwa baridi kama dini inavyotaka. Pembeni nimezamisha makuti makavu, anayejivua gamba ajifiche humo. Nililifanya mwenyewe, sikuhitaji mtu aliyesomea mifugo anicheke kwanza.

Unaniambia habari za kinu cha Mama. Mama alikitumia kinu kulisha waliomtegemea. Wewe ulimwona akikiogea siku za sikukuu; siku nyingine ulikuwa umelala. Na kuhusu kuhani, maji yangu hayapokei, lakini maboga yangu anapokea, na yamekua kwa tope la bwawa hilo hilo.

Na ng'onda? Unaniambia wewe kuhusu ng'onda? Wewe unayekaa Chittagong, mji ambao mtu akifungua dirisha ananukia ng'onda mpaka harusini? Barua zako zenyewe zinanuka. Nimekuwa nikizisoma kwa mkono mmoja tangu uhamie huko.

Chumba nyuma ya ghala, ahsante. Mwambie Makamasi ayaweke humo maji yake meusi.

Sasa nisikilize, kwa kuwa haya ndiyo niliyotaka kukuandikia tangu Juni na hukunijibu.

Nilikuuliza habari za anwani. Umeandika barua mbili tangu siku hiyo, na zote ni kwa mkono wa Sukumar Dhar, na zote hazina hata neno moja kuhusu jambo hilo. Basi nalisema mimi. Umehamia ukweni. Mtoto wa kiume wa Halder, mrithi wa kila dume, analala kwenye nyumba ya baba wa mkewe, anaoga kwa zamu, anakula akiangalia nani anatazama sahani yake. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe wamekupa jembe au bado? Najua kwa nini unauza. Unataka chumba chako mwenyewe huko mjini. Ungeniambia hivyo kwenye barua ya kwanza ningekudharau kidogo tu. Sasa nimekudharau kwa miezi mitano na nimechoka.

Kila mwaka baada ya sikukuu ya Kali dada humpaka ndugu yake alama ya liwa kwenye paji la uso, ili mungu wa mauti apite mbali naye. Ndugu akiwa mbali, dada huipaka kwenye mlango wa nyumba yake, kwa kidole kidogo cha mkono wa kushoto, na alama inamfikia popote alipo. Miaka yote hii nimekupakia kwenye mwimo wa mlango wa baba, na wewe hujapata kuumwa zaidi ya tumbo. Unanikumbusha kila mwaka, hata mwezi wa saba, hata ukiwa unanitukana. Nakujua. Ulikuwa unaogopa kifo tangu ulipomwona paka amekufa.

Sasa uza. Lakini uniambie kitu kimoja kabla ya kutia sahihi: mwaka huu nikiwa nyuma ya ghala la Makamasi, alama yako nitaipaka kwenye mlango wa nani? Wa Makamasi? Itamlinda Makamasi. Nije Chittagong nipake mlango wa Sukumar Dhar? Itamlinda yeye na wanawe. Nimetafuta kichwani, Jogesh, nimezunguka dunia nzima, nimeona mlango wako ni mmoja tu, na ndio huo unaouuza.

Sikuombi. Nauliza tu.

Dada yako,
Niharbala


Chittagong
19 Oktoba 1997

Dada,

Nakushika miguu. Tu wazima.

Barua yako ilifunguliwa na Minoti kabla yangu na ikasomwa na baba mkwe baada yangu. Katika nyumba hii barua hazina mwenyewe. Jana baba mkwe alipokuwa anakula alinisogezea bakuli la samaki akasema, "Kula, mgeni." Umefurahi?

Nilitaka chumba chenye kufuli. Sasa umelisikia. Tumpa analala kati yangu na gunia la mchele la mama mkwe.

Sudhanya nimemwandikia kuwa bwawa limeharibika kwa harufu, kwamba mwanamke anayelilisha amerukwa na akili, na kuwa mimi, kwa heshima niliyonayo kwake, siwezi kumuuzia mtu mzima balaa kama hilo. Amekasirika. Atasema maneno. Wewe umezoea kusemwa.

Usidhani umenishinda. Madonge yako bado ni kichekesho na wewe ni mkaidi, na bwawa likikushinda mwakani nitakucheka mbele ya watu. Siji sikukuu hii, dukani hawaniruhusu.

Alama usisahau. Iwe ya liwa safi. Na uoge kwanza, Dada. Usugue mikono. Nakuomba.

Jogesh


Shialdanga
3 Novemba 1997

Jogesh,

Umri mrefu, kama kawaida.

Mimi mzima, wote wazima. Sudhanya amepita barabarani na hakutazama upande huu, na kwa muda ambao hakutazama nilimwona amekonda kidogo. Wanasema kwenye bwawa lake jipya maji yamegeuka na kamba wanapanda ukingoni kutafuta hewa. Sikucheka. Nilicheka kidogo.

Juzi tumevuta wavu wa kwanza. Ni wachache kuliko mwaka jana, siwezi kukudanganya mara ya pili. Bwawa la watawa limejilipia deni lake la siku ile ya kufunga. Lakini waliobaki ni wakubwa, makucha ya bluu yamepita vichwa vyao, na maji hayanuki. Mchuuzi aliwageuza geuza akitafuta kasoro, akakosa, akaninung'unikia mimi. Mmoja nilimlaza juu ya mkono. Kiganja chako sikumbuki ukubwa wake, nilikishika mara ya mwisho ulipokuwa unang'atwa. Kwa kiganja changu, mkia ulining'inia nje.

Jana ilikuwa siku yako. Sikula wala kunywa tangu asubuhi, kama inavyotakiwa. Nilioga mtoni, kwa kuwa uliamuru. Nilisugua mikono kwa majivu. Nikasugua kwa ndimu. Nikasugua kwa udongo wa mto mpaka ngozi ikawa nyekundu. Harufu ya ng'onda haikutoka. Imeshaingia ndani, nadhani tutakwenda nayo pamoja kwenye moto wa kuchomea maiti. Nikasaga liwa safi kwenye jiwe la Mama, nikachovya kidole kidogo cha kushoto hivyo hivyo kilivyo, nikasema maneno, nikapaka mwimo wa mlango wako. Alama imetulia vizuri, ya duara, mahali pale pale pa kila mwaka.

Tatizo ni moja. Paka wa jirani ameinusa. Tangu jana amekaa chini ya mlango, shingo juu, anaitazama alama yako kwa tamaa, na kila nikigeuka anajinyoosha kwa miguu ya nyuma aifikie. Nimemfukuza kwa fagio, anarudi. Mimi nina bwawa la kulisha, siwezi kukesha namlinda mtu mzima na paka.

Chumba cha mashariki hapa nyumbani kina kufuli. Ni la zamani, lakini linafunga. Tumpa ana sehemu ya kulala isiyo na gunia.

Mlango ni wako. Njoo umfukuze paka mwenyewe.

Niharbala